Ungo wa Likwata

Mdomo huu nilionao sikuzaliwa nao, nilipewa na kazi. Hapana, nasema uongo. Nilizaliwa nao, na mama yangu alikuwa akiniombea dua kila Ijumaa Mungu aupunguze, wala hakuupunguza. Lakini kazi ya sandarusi ndiyo iliyoulea. Ukikaa kitako kwenye mkeka tangu asubuhi mpaka alasiri, mikono inachambua, macho yanatazama, basi kinachobaki bila kazi ni mdomo. Mimi wangu sikuuacha ukae bure.

Leo ukipita Kivinje, pale nyuma ya soko, ghala lenyewe utaliona. Siku hizi wanaweka magunia ya korosho. Milango ni ile ile, bati ni lile lile na kutu yake, lakini harufu imekwenda. Harufu ya sandarusi! Wee, kama hukuijua siwezi kukueleza. Ilikuwa inakaa mikononi, kwenye kanga, kwenye nywele. Ukiingia harusini watu wanajua huyu mchambuzi, hajajifukiza lakini ananukia. Nina kopo dogo nimeweka vumbi lake. Kila Ijumaa natia chembe kwenye kaa la moto. Chembe tu, nisimalize.

Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale, umeganda ardhini kama jiwe. Wachimbaji walikuwa wakituletea kutoka Tingi na huko ndani zaidi, imechimbwa mchangani, imevaa gamba la udongo huwezi kuitofautisha na kokoto. Wanaoosha wanaiosha kwa magadi, inaanikwa, ndipo inakuja kwetu wachambuzi. Tulikuwa kumi na tisa, wanawake kwa wanaume, kila mtu na ungo wake. Unachukua kipande, unakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Cheupe kama maji, huku. Cha manjano, huku. Chekundu, kule. Chenye ufa au mchanga ndani, kule pembeni. Na chakazi, ile changa ambayo haijakaa sana ardhini, hiyo inatupwa, maana ikichanganyika na nyingine inaharibu gunia zima. Huko Ulaya walikuwa wakiipika wanapata vanishi ya kupaka meza na magari ya wakubwa. Sisi meza hizo hatukuziona, lakini tulijua zinang'aa kwa ajili yetu. Tulikuwa na maringo, usiseme.

Kushoto kwangu alikaa Likwata.

Babu yangu mimi alikuwa Myao. Alishuka Kivinje na msafara wa pembe za ndovu, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Likwata alikuwa Mmwera wa Kilangala, kule Lindi, amenizidi kama miaka kumi na mitano. Kwa hiyo tulikuwa watani kwa kabila kabla hata hatujaonana. Siku ya kwanza aliponikuta pale ghalani nilikuwa nakula muhogo. Akauchukua mkononi mwangu, akaula wote, akaniambia, "Huu ulikuwa wa babu yangu. Mlimnyang'anya njiani." Nami nikamvua kofia yake nikaikalia. Basi ndivyo tulivyojuana, mimi Mwahija binti Saidi na yeye Likwata, na hatukuwahi kuamkiana kistaarabu hata siku moja.

Mtani hana kosa kwa mtani wake, hilo kila mtu analijua. Atakutukania wazee wako walio kaburini, atachukua kuku wako bandani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna watu wanakucheka. Wala yeye haji kukuomba radhi, atakuombaje radhi kwa kitu ambacho si kosa? Mimi na Likwata tulikula mali za wenzetu kwa miaka tisa hivyo. Ile kofia yake ya vitobo, aliyoshonewa na marehemu mkewe, ilishinda kichwani kwangu kuliko kwake.

Sasa nikwambie jambo ambalo pale ghalani hakuna aliyelijua.

Ilikuwa vita vya Hitla vimekwisha zamani kidogo. Siku moja nilichungulia ungo wa Likwata nikaona ameweka kipande chekundu katikati ya vyeupe. Nikadhani amepitiwa. Kesho yake nikaona viwili, kesho kutwa nikaona chakazi. Nikamtazama usoni. Alikuwa anainua kila kipande dirishani kama kawaida, shingo ameikunja, lakini macho yake yalikuwa na ukungu, na hayakukitazama kile kipande. Yalikuwa yanaangalia pale kipande kinapopaswa kuwa.

Nilishtuka, wallahi. Mchambuzi asiyeona atafanya nini duniani? Mkewe amekufa, binti yake Moza ndiyo kwanza anavunja ungo, kilichokuwa kinawalisha ni ule mkeka.

Basi nikafanya nililoweza. Nikaanza kumwibia. Mtani ana haki ya kuiba, au siyo? Nikawa napeleka mkono kwenye ungo wake, nachopoa kile chekundu nakirudisha mahali pake, natoa chakazi natupa, huku nampigia kelele, "Mmwera wee, leta hapa, urithi wa babu yangu huo!" Naye anapiga kelele, "Mwizi! Jamani, Myao ananimaliza!" Watu wanacheka. Dadi, mnyapara wetu, anapita na fimbo yake na yeye anacheka. Nikaongeza na tusi. Nikawa namwita kipofu, kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya wote. "Kipofu wee, sogea!" Niliona hiyo ndiyo njia nzuri ya kulificha, maana jambo mnalolicheka kila siku nani atakaa alichunguze? Nilijiona mjanja mno. Miaka miwili nikafanya hivyo, na ungo wangu mwenyewe ukawa unapungua kwa sababu mkono mmoja uko kwa jirani.

Yeye Likwata nilidhani hajui. Nilidhani anaona ni utani tu.

Halafu akaja Bwana Mwasemaje.

Jina lake la kwao lilikuwa refu, tukaliacha. Alikuwa kijana wa Kiingereza, mwekundu, mpole, ametumwa na kampuni kutoka Dar es Salaam kuja kupunguza watu. Lakini huyu alikuwa na elimu yake mpya. Alisema zamani mkubwa alikuwa anakaa ofisini, anaandika majina, watu wanaondoka, kwisha. Yeye hataki hivyo. Yeye anataka wafanyakazi wenyewe wakae duara, wazungumze, waamue mambo yao. Kila Alhamisi saa tisa kazi isimame. Na kila akimaliza jambo anatutazama mmoja mmoja, anauliza, "Mwasemaje?" Kiswahili alikijua kweli, amekisoma kitabuni, kimenyooka hata kuliko chetu. Alivua viatu akakaa mkekani na sisi. Magoti yalikuwa yanampasuka masikini, mara anyooshe mguu, mara aukunje, jasho linamtiririka, lakini hakukubali kiti. Mimi nilimpenda. Nasema ukweli, mpaka leo simchukii.

Alhamisi ya kwanza alituletea vibao viwili vimepakwa vanishi. Kimoja, akasema, kimepakwa sandarusi yetu. Cha pili kimepakwa vanishi mpya wanayoipika Ulaya kwa dawa, hakuna kuchimba, hakuna kuchambua. Akauliza kipi ni kipi. Vikazunguka duara. Vyote vinang'aa sawasawa, sote tukakisia ovyo. Vilipomfikia Likwata akaviinua juu, akavileta karibu na uso kama anavitazama sana, akasema, "Hiki ndicho chetu. Kile kinanuka mafuta ya taa."

Bwana akafurahi, akampigia makofi. "Mzee ana macho makali," akasema. Nilitaka kucheka nikajibana. Kumbe pua ndiyo iliyoona.

Halafu akatuambia habari yenyewe. Sandarusi inakufa. Wanunuzi wanahama. Ghala litabaki na watu wanane.

Kumi na tisa, wanabaki wanane. Nakumbuka Mastura, aliyekuwa mdogo wetu, mtoto mgongoni, alianza kutuhesabu kwa kidole, akafika katikati akaacha.

Alhamisi ya pili tulizungumza, tena vizuri. Dadi akasema kwa nini tusipokezane, wiki hii hawa, wiki ijayo wale, hata kama ni kidogo kila mtu apate chake? Sote tukasema ndiyo! Ndivyo tulivyozoea hata kwenye kulima na kwenye misiba, kazi inazunguka. Bwana akaandika barua Dar es Salaam siku ile ile, akaturudishia jibu hata wiki haijaisha. Uso wake ulikuwa umemshuka. Kampuni haitaki kupokezana. Inataka watu wanane, wale wale kila siku, wenye macho mazuri na mikono myepesi. "Mimi siwajui kama mnavyojuana," akasema. "Nikichagua peke yangu nitawadhulumu. Alhamisi ijayo kila mtu aseme kweli juu ya kazi ya mwenzake aliye kushoto kwake. Tutachagua pamoja. Mwasemaje?"

Sote tulitazama mikeka.

Wiki ile sikulala vizuri. Kushoto kwangu ni Likwata. Nikajipanga nitakachosema: kwamba huyu mzee ni fundi, amefundisha nusu ya ghala, tangu aanze kazi gunia lake halijarudishwa hata mara moja. Na lilikuwa halijarudishwa kweli, mimi si nilikuwepo? Nikalikariri kama ninavyokariri sura. Nikajiambia, Mwahija, siku moja tu, funga mdomo wako, sema hayo, kaa.

Ikafika. Bwana akafungua daftari lake magotini. Akaanza na Mastura.

"Bibi Mastura, jirani yako kazi yake ikoje?"

"Nzuri, Bwana."

"Ina kasoro gani?"

"Haina, Bwana."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu vile vile. Watu wa Kivinje sisi, utamwambia mtu ubaya wake usoni mwake, mbele za watu, halafu jioni ukamwombe chumvi? Haifanyiki. Mpaka kwa Dadi mnyapara, ambaye kazi yake ni kutujua, naye akasema, "Wote wangu ni wazuri." Bwana jasho likazidi. Alikuwa karibu kulia, kijana wa watu. "Tafadhali," akasema, "mkinyamaza nyinyi, watachagua wao Dar es Salaam, nao hawajui hata majina yenu."

Dadi akaona amsaidie. Akatoa karatasi yake ya kupimia, akasema yeye hana neno juu ya mtu, ila atasoma tu mizani ilivyosema. Akasoma. Wa mwisho kabisa, ungo mdogo kuliko wote, Mwahija binti Saidi.

Lo! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi? Mimi ninayechambua nyungo mbili kila siku ya Mungu? Na siwezi kusema! Nikisema nimemwuza Likwata. Nikakaa pale, machozi yananilenga, watu wananionea huruma, na hakuna nilichokuwa nakichukia kama huruma.

Likwata alinisikia ninavyohema. Akafanya lile ambalo mtani hulifanya akiona mwenzake anataka kulia. Akanirushia tusi.

"Msimshangae, Bwana," akasema. "Hawa Wayao mikono yao imeumbwa kubeba pembe. Kuchambua wapi na wapi!"

Duara zima likacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa Alhamisi zote tatu, na kicheko kilikuwa na njaa, kilitoka kwa nguvu. Mimi nikapata pumzi. Nikasahau. Wallahi nikasahau niko wapi. Sikumwona Bwana, sikuliona daftari, nilimwona mtani wangu amenichokoza, na mdomo ukajibu wenyewe kama ulivyojibu miaka tisa.

"Wee kipofu, umwache mtoto wa watu! Bwana, huyu ndiye wa kutoa, mtoe hata leo! Haoni hata mkono wake! Mwaka wa pili huu anachambua kwa kubahatisha, chekundu kwake cheupe, kokoto kwake sandarusi!"

Walicheka mpaka Mastura akamwegemea jirani yake. Na mimi nilicheka. Halafu nikasikia kalamu.

Bwana alikuwa anaandika. Uso wake umetulia, umepata nafuu, kama mtu aliyehangaika na kufuli mpaka limefunguka. Alikuwa amengoja siku zote hizo mtu aseme kweli, na sasa mtu ameisema.

Kicheko kikakatika. "Aka, Bwana!" Dadi akasema. "Usiandike! Huo ni utani."

"Utani ni nini?" Jamaa hakuwa analijua hilo. Kitabu chake hakikuwa nalo.

"Ni watani hawa. Mmwera na Myao. Ana haki ya kumtukana."

Bwana akafikiri. "Basi alilosema si kweli?"

"Uongo mtupu!" wakajibu watu kumi na saba kwa mpigo.

"Bibi Mwahija?"

"Uongo, Bwana," nikasema. Sauti yangu sikuitambua. "Nimetania."

Akafurahi, jamani, alifurahi kweli. Akasema basi hataki mzee abaki na doa daftarini mwake kwa neno lisilo la kweli. Akachota mwenyewe vipande kwenye gunia, vitano au sita, akaviweka kwenye ungo mtupu mbele ya Likwata. "Mzee, tuchambulie hivi, nami nitafuta niliyoandika."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulikuwa umeshafika ukingoni mwa ungo, nimeshafungua kinywa nipige kelele ya urithi wa babu. Bwana akaniwekea kiganja, polepole, kwa adabu. "Tafadhali, bibi. Aachwe mwenyewe."

Likwata akachukua kipande cha kwanza. Akakiinua dirishani. Nilikiona nilipokaa, chekundu tena kizuri, na ndani kina nzi mdogo mbawa zimetanuka. Kila mtu alikiona. Alikishika vile kwa muda mrefu, shingo ameikunja. Angeweza kubahatisha. Kwa bahati angepatia viwili vitatu, na sisi tungepiga kelele na kuvichanganya vingine, na Bwana angeridhika. Nilikuwa namwomba moyoni abahatishe.

Akakishusha chini. Akakirudisha kwenye ungo taratibu.

"Bwana," akasema, "mtani wangu leo hakutania. Mimi sioni. Mwaka wa pili sasa naona mwanga na kiza tu."

Nikasema, "Likwata!" Nadhani ndiyo mara pekee niliyolitaja jina lake mbele za watu.

"Nyamaza, Myao, hujaitwa." Akamgeukia Bwana tena, au pale alipodhani Bwana yupo. "Gunia langu halijarudishwa kwa sababu huyu mwizi analichambua. Anajifanya ananiibia. Nasikia mkono wake unapita, nasikia vinavyohamishwa. Dadi anasema ungo wake mdogo. Ni mdogo kwa sababu anafanya kazi ya watu wawili na mmoja wao hasemi asante. Umesema unataka macho mazuri na mikono myepesi. Mwandike huyu wa kwanza."

Bwana Mwasemaje alinitazama, akaliinamia daftari, akaandika. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Wale saba wengine walipatikana kabla ya jua kupoa. Baada ya yale watu walianza kusema, wengine wakajitoa wenyewe. Dadi alijitoa. Mastura akabaki, tulimsukuma abaki kwa ajili ya mtoto. Bwana alitushukuru. Alisema ni mkutano mzuri kuliko yote aliyowahi kuifanya.

Likwata alisimama, akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Hapo ndipo tulipoona sote kwamba siku zote alikuwa anapapasa. Akasimama akasema, "Myao, kofia yangu iko wapi?"

Ilikuwa kichwani kwangu. Nilikuwa nimemvua asubuhi.

"Sijui," nikasema, maana ndivyo nilivyomjibu siku zote.

"Haya," akasema. Akatoka kichwa wazi. Kesho yake alipanda lori na Moza, wakaenda kwao Kilangala.

Nilibaki ghalani miaka minne, mpaka kampuni ilipofunga kabisa. Nilichambua ungo mmoja tu, ukajaa kuliko wa kila mtu, na sikuwa na wa kumtukana. Upande wa kushoto walimweka Mastura, mtoto mwema, mpole, nikimchokoza anasema "samahani dada Mwahija". Nilikuwa narudi nyumbani mashavu yananiuma kwa kunyamaza. Mchana, wakati wa kula muhogo, bado nilikuwa naushika kwa mkono wa kulia tu ili wa kushoto asiufikie.

Kilichonitafuna ni kimoja. Likwata alinuna au hakununa? Kwa kawaida yetu hakutakiwa kununa, na mimi sikutakiwa kuomba radhi. Lakini lile halikuwa tusi la utani tena, lilikuwa limeandikwa na wino. Mtu anaweza kuumizwa, na kwa heshima ya utani akanyamaza mpaka kaburini. Miaka ikapita nikijiuliza hivyo, na kofia nimeitundika ukutani inanitazama.

Mwaka jana nikaona basi. Watu wanazungumza habari za uhuru, kila kitu kitabadilika, na mimi naogopa kwenda Kilangala? Nikapanda lori. Pale mto Mbwemkuru tulikwama, tukashuka tukasukuma, wanawake na wanaume. Nikalala Lindi kwa jamaa, asubuhi nikaenda Kilangala kwa miguu, kofia nimeifunga kwenye upindo wa kanga.

Moza sasa ni mke wa mtu, ana watoto. Akanipa shikamoo, akanionyesha ukumbini. Likwata alikuwa amekaa kwenye mkeka, mzee mno, macho meupe yote, na mapajani ana ungo wa mbaazi. Anachambua. Vidole vinakwenda haraka, mbaazi huku, kokoto kule. Sikuamkia. Nilikaa kulia kwake, pangu pa zamani, kimya, nikapeleka mkono kwenye ungo.

Vidole vyake vikasimama.

"Moza," akaita, "wafungie kuku wote. Kuna Myao ndani ya nyumba."

Nikacheka huku nalia. Nikaokota kokoto moja pembeni, nikaichomeka katikati ya mbaazi safi ili nimwone. Hata sijautoa mkono, akaipata, akanirushia ikanigonga goti. "Hiyo si yangu. Rudi nayo kwenu."

Tulikaa. Alinieleza kuwa huchambua mbaazi na mtama wa nyumba saba, watu wanamletea, maana wao na macho yao wanavunja meno kwa mawe. Nilimweleza habari za ghala. Aliuliza kama harufu ipo, nikamwambia haipo. Akasikitika. Halafu sikuweza kuvumilia zaidi. Nikaifungua kanga, nikamwekea ile kofia mapajani, juu ya mbaazi, nikasema kama nilivyokuwa nimekariri njia nzima.

"Likwata, nimekuletea kofia yako. Na siku ile nilikukosea. Nisamehe."

Akaipapasa. Akavigusa vile vitobo alivyoshona mkewe, kimoja kimoja, akazunguka yote mpaka akarudi alipoanzia. Uso wake ukawa mgumu. Hajawahi kunifanyia uso ule, hata siku ya daftari.

"Mwahija," akasema, kwa jina langu, "miaka yote uliyonitukana, sasa ndiyo umenitukana."

Mkono wangu ukarudi kwenye kanga.

"Siku ile mimi nilitoka pale najua nimeacha mtani. Najua yuko Kivinje, amenivalia kofia yangu, ananiibia. Leo unaniletea kitu mkononi kama unamlipa mtu baki? Mimi na wewe tumekosana lini?"

Nilitazama zile mbaazi, nikamtazama yeye. Nikajua sina la kusema isipokuwa moja.

Nikainyakua kofia mapajani kwake, nikaivaa. Nikatandika kanga, nikamimina mbaazi zake zote alizochambua tangu asubuhi, punje haikubaki, nikafunga fundo.

"Kipofu wee," nikamwambia, "hata kulinda ungo wako huwezi."

"Mwizi!" akapiga kelele, na uso ule mgumu ukafunguka wote. "Moza! Myao ananimaliza!"

Nilitoka na mzigo wangu kichwani, namsikia mpaka njia panda.